Ufa Chini ya Koti la Bati

Mama mkwe wangu mpaka leo anasema mwanawe alipewa karuho. Karuho ni ile sumu ya polepole ambayo watu wa huku Rusizi na wa Bukavu wote wanaiogopa: unatiliwa kwenye chai na mtu anayekuchekea, halafu unakauka mwezi baada ya mwezi na hospitali haioni kitu. Nimebishana naye mpaka nimechoka. Nimemwambia sumu ilitoka kwenye bomba la moshi la ndege. Ananiangalia, anakaza kitenge chake kiunoni, ananiuliza: "Na ile tiyo, nani aliipasula?" Hapo ndipo hasira hunipanda, maana hata mimi ningependa kumjua huyo mtu. Ningekwenda kwake, nikamtukana mbele ya majirani, nikarudi nyumbani nimepumua. Bomba utalitukana nini?

Mume wangu alikuwa rubani. Msimfikirie rubani mwenye kofia na mistari ya dhahabu mabegani. Alirusha kindege cha injini moja, kikuukuu, kilichotengenezwa kabla yeye na mimi hatujazaliwa, mali ya tajiri mmoja wa Bukavu ambaye hakupenda kusikia neno "kipya". Tulikaa Kamembe, upande wa Rwanda, hapa hapa tunapokaa sasa. Asubuhi tuliteremka pamoja hadi mpakani, mimi na kabichi zangu za Nkungu, yeye na mkoba wake wa ngozi. Tukishavuka tuliachana: mimi nilishika njia ya soko, yeye alipanda gari la kwenda uwanja wa ndege. Kazi yake ilikuwa kupeleka sabuni, chumvi na dawa kwenye vijiji vya msituni ambako barabara ilishakufa, na kurudi na abiria, wengi wao akina mama wa biashara kama mimi.

Sasa, juu ya ile milima baridi inauma mpaka kwenye meno. Waliotengeneza hizo ndege za zamani walifanya ujanja mmoja. Moshi wa injini unapita kwanza kwenye kopo kubwa la chuma, sailensa, na hiyo sailensa wameivisha koti la bati. Kati ya koti na sailensa wanapitisha hewa safi ya nje. Hewa ikipita pale inashika moto, inaingia ndani kwa mpira, inawapasha watu miguu. Moshi hauigusi ile hewa kabisa, kuna ukuta wa chuma kati yao, ukuta mwembamba. Ukuta huo ukipasuka, kila ukiomba joto unaletewa pamoja na moshi. Mtaniuliza muuza kabichi ameyajulia wapi haya. Nitawaambia.

Milango ya ile ndege ilikuwa imelegea, upepo ulipita kila upande. Akina mama walitoka kwenye joto la msitu na nguo nyepesi, juu wakawa wanatetemeka, watoto mgongoni wanalia. Mume wangu ana huruma. Huruma ndiyo iliyofanya nimkubali, nikawakataa waliokuwa na nyumba za ghorofa. Alichukua godoro letu la zamani, akalikata vipande, akaziba kwa gundi kila mahali palipopitisha upepo. Jioni alirudi akijisifu.

"Sheri yangu, leo bamaman balilala njia yote! Hakuna hata moja alilalamika baridi."

Nilicheka, nikamwambia basi ndege yako imekuwa hoteli. Walilala! Nikilikumbuka hilo neno sasa, najua kilichowalaza.

Kisha kichwa kikaanza kumuuma. Alirudi nyumbani amekunja uso, anakaa kwenye kiti, hataki hata kuvuliwa viatu. "Kichwa tu njo inaniluma," alisema, "itapita." Asubuhi inakuwa imepita kweli, anacheka, anaondoka, jioni anarudi nacho tena. Alipima malaria, hakuna. Alipima tena, hakuna, wakampa dawa ya malaria hivyo hivyo. Yeye ambaye hakuwahi kuniinulia sauti akaanza kunigombeza kwa ajili ya chumvi ya mboga. Nikamwambia kama amepata mwanamke mwingine aseme tu, nijue. Alishika kichwa kwa mikono miwili, akaenda kulala.

Mama mkwe ndiye aliyetamka neno karuho, na likishatamkwa halirudi mdomoni. Alimpeleka Nyakarenzo kwa mwanamke mmoja anayetapisha watu kwa majani. Alitapika siku nzima, akarudi mwepesi, na kwa sababu hakuruka siku zile, kichwa kikaacha. Mmeona! Mama mkwe alipiga vigelegele. Kilichobaki kilikuwa kumpata aliyemlisha. Pale uwanjani kulikuwa na maman mmoja aliyewauzia marubani maharage na sambaza za kukaanga, vile visamaki vya ziwani. Alikuwa mtu mpole, alimwekea mume wangu sahani yake pembeni kila siku ili isipoe. Sahani pembeni! Ushahidi gani mwingine unautaka? Mama mkwe alivuka mpaka kwa miguu yake, akampigia kelele mbele ya wateja. Yule maman alilia, akaapa kwa watoto wake, na haikuchukua muda kibanda kikawa cha mtu mwingine. Mume wangu alirudi kazini, na kichwa kikarudi naye.

Siku yenyewe alikuwa anarudi peke yake. Kule msituni hakukuwa na abiria, mvua ilikuwa inanyesha milimani, akafungulia joto lote. Walioona walinisimulia. Ndege ilitua vizuri, ikapunguza mwendo, halafu badala ya kukata kona kama kawaida ikaendelea moja kwa moja, ikaingia kwenye majani, ikasimama huko injini inanguruma. Watu walicheka kwanza, wakadhani anatania. Ilipoonekana hashuki, fundi wake akakimbia, akafungua mlango. Mume wangu alikuwa amekaa wima, mikono kwenye usukani, macho wazi, hamjibu mtu.

Hospitali walimpa oksijeni. Nilifika na tope la soko miguuni, nikamkuta amelala na ile barakoa puani, nikasema moyoni, Mungu, nipe huyu tu, mengine yote yaache. Na nikapewa. Siku ya pili alikuwa anauliza viatu vyake viko wapi. Siku iliyofuata tulirudi Kamembe, akapanda ngazi za nyumba mwenyewe.

Yule fundi alikuwa mzee wa Giheke, Mnyarwanda aliyekulia Congo kama sisi, akarudi na ufundi wake. Alikuja kwetu kwa pikipiki na gunia mapajani. Ndani ya gunia kulikuwa na sailensa, imevuliwa koti lake. Alisalimia bila kuniangalia.

"Maman, nisaidie beseni na sabuni ya unga."

Nilimletea. Alikoroga povu, akaziba midomo ya lile kopo kwa matambara, tundu moja akaliunganisha na pampu ya baiskeli, akaanza kulipaka povu kwa brashi huku binti yangu anapampu. Mahali pengi povu lilikaa kimya. Kwenye mshono mmoja, mahali palipowahi kuchomelewa zamani, pakawa na vumbi jeupe kama jivu, na hapo povu likaanza kuchemka. Mapovu madogo, mstari mzima, mrefu kama kiganja changu.

"Ufa ilikuwa chini ya koti," fundi alisema. "Bizi zake, skurubu zote, zilishakamata kutu, kuifungua iko kazi ya siku nzima. Mi nilikuwa nagonga tu koti, nasikia inaitika muzuri."

"Ulikuwa unagonga," nilimwambia. "Mlango wa mtu unagongwa, Mzee. Hiyo ilikuwa maisha ya muntu."

Aliinamisha kichwa. Mume wangu ndiye aliyenizuia. Alikuwa amekaa kwenye kibaraza na kikombe cha chai, amevaa sweta, uso umerudi kuwa wake. Alimwita binti yetu karibu, akashika lile kopo, akaanza kutuelezea.

"Moto ya injini inaipanua, baridi ya mvua inaifinya. Kila siku vile, miaka na miaka. Chuma nayo inachoka. Ikichoka, inapasukia kwenye kidonda yake ya zamani." Alipitisha kidole juu ya mapovu. "Njo huyu sasa mwizi yetu."

Tukacheka wote, hata fundi. Mume wangu alieleza koti, alieleza mpira, alieleza kwa nini moshi ule unampumbaza mtu kabla hajajua kwamba amepumbaa. Kila ninachokijua kuhusu bomba hilo nilikipata siku ile kibarazani. Sikujua kwamba ndiyo mara ya mwisho mume wangu kunieleza kitu kikaeleweka.

Tulifanya ibada ya shukrani. Tulialika watu mpaka viti vikakosekana, kwaya ikaimba, mama mkwe akacheza na kitambaa kichwani. Mume wangu alisimama mbele akashukuru kila mtu mmoja mmoja, hakumsahau hata mtu mmoja.

Wiki chache baadaye nilimkuta amesimama mlangoni, mguu mmoja ndani, mmoja nje. Nikamuuliza anakwenda wapi. Alinitazama kama mtu aliyeulizwa kwa lugha ya kigeni. Kesho yake alikula, akafuta mdomo, akauliza kwa nini leo hatupiki. Kisha hatua zake zikafupika, akawa anatembea kwa kuburuta miguu. Kisha maneno yakapungua. Nilimrudisha hospitali mbio. Daktari, kijana mwenye sauti ya upole, aliniambia inatokea: ubongo uliokosa hewa unaweza kuonekana umepona, mtu anarudi kazini, anacheka, kumbe ndani unaendelea kufa. Nikamuuliza kama utapona mara ya pili. Alisema tungojee. Tulingojea. Nilipomuuliza tena baada ya miezi, alisema, "Maman, mumuangalie tu, asianguke."

Ndege haikuruka tena. Tajiri aliiacha pale kwenye majani, vita vikafunga uwanja, na nimesikia wamechukua mabati yake. Fundi alifariki. Mama mkwe anaendelea kutafuta aliyemlisha mwanawe. Mimi nilibaki na jambo moja tu la kushikilia, na nililishikilia kwa meno: kwamba ananijua.

Nilikuwa na sababu zangu. Nikiondoka chumbani, ananifuata. Nikimpa chai anaipokea, kwa mtu mwingine anafunga mdomo. Haendi kulala mpaka niende. Watu walikuja kunionea huruma, nami niliwakata maneno: amesahau kurusha ndege, amesahau mwaka, amesahau hata jina lake siku nyingine, lakini mimi hajanisahau. Hakunitaja, ni kweli. Hakuwa anamtaja mtu yeyote. Binti yangu mkubwa, ambaye amerithi mdomo wangu, aliniambia siku moja jikoni: "Maman, anafuata ule anamupatia chakula." Nilimpiga kofi. Ni mama wa watoto wawili, na nilimpiga.

Kwenye ibada yetu ya Kiswahili, kabla ya mahubiri, wenye mahitaji husimama, na mchungaji anapita na maikrofoni kuwauliza waombewe nini. Kila Jumapili nilimvisha mume wangu suti yake, nikamshika mkono, tukasimama pamoja. Nilisema maneno yale yale: muniombee bwana yangu, Mungu amurudishe. Watu walishayajua, wengine walianza kuitikia amina kabla sijamaliza.

Jumapili hii iliyopita mchungaji aliita wenye mahitaji, na mimi sikusimama. Sikuwa nimepanga. Nilijikuta nimekaa, mikono mapajani, sina la kuomba. Nilikuwa nimechoka kuomba kitu ambacho hata mimi sikukiamini tena. Mume wangu alisimama. Mwili wake umezoea. Alisimama peke yake katikati ya benchi, koti limempwaya, na mchungaji, ambaye hakujua afanye nini, akamsogezea maikrofoni.

"Papa, tukuombee nini?"

Watu waligeuka kumtazama. Nilimvuta koti ili akae, hakukaa. Midomo yake ilitikisika, nami nikasema moyoni, leo, Mungu wangu, leo ananitaja.

"Apana mimi," alisema, sauti safi kabisa. Aliweka mkono wake begani kwangu. "Muombee huyu maman. Simujue, lakini analia kila siku."

Hakuna aliyecheka. Mchungaji aliomba kanisa zima linyooshe mikono kwangu. Wote walinyoosha. Mume wangu naye alinyoosha wake, akafumba macho, akaniombea pamoja nao.