Filimbi ya Askari wa Msitu

Jirani yangu Namnyaki anadai askari wa msitu amechanganyikiwa tangu serikali ikirudishie kijiji chetu ile kona ya hifadhi. Mimi namwona kila asubuhi nikikata majani ya ng'ombe, mtoto mgongoni, palepale alipokuwa akitufukuza. Anafuta filimbi kwa pindo la shati, anaipuliza kwa nguvu, halafu anakumbuka, ananipungia mkono kwa aibu. Mbuzi wakipita anawakemea, kisha anawaomba radhi. Jana alinifuata taratibu, kofia ameikunja mkononi. "Mama Naisula, kesho bosi anakuja kukagua. Asipoona mtu wa kufukuzwa, kazi sina. Nikipuliza, naomba ukimbie kidogo tu, dada yangu. Mtoto nitakushikia."