Sasa Anasema Nini?

Mzee Kanda alikuwa na duka la kukodisha sinema katika chumba cha mbele cha nyumba yake, na hakuna mtu mtaani aliyewahi kutoka mle na sinema aliyoifuata. Ungeingia ukitaka ya ngumi, ungetoka na ya Kijapani, ya mzee anayetengeneza miavuli katika mji ulioacha kupata mvua. Ungeingia ukitaka ya mapenzi, angekukazia macho kama daktari anayetafuta homa, kisha aseme, "Mapenzi unayo ya kutosha wewe. Tatizo lako ni mama mkwe. Chukua hii ya Kikorea." Na ungeichukua. Kinyozi wa jirani aliwahi kukataa, akaenda zake akitamba, na nywele zake mwenyewe zikagoma kuota mpaka aliporudi kuichukua. Asiyeamini akamuulize kinyozi.

Sinema zake zote zilikuwa za lugha za watu. Hakutaka hata moja ya lugha anayoielewa. "Nikielewa nitasikiliza," alisema, "na nikisikiliza sitaona." Hakuzipanga kwa nchi, wala kwa herufi, maana herufi na yeye hawakuwahi kujuana. Alizipanga kwa maradhi. Rafu ya juu ilikuwa ya waliofiwa. Ya kati, ya waliooana kwa haraka. Ya chini, karibu na mlango, ilikuwa ya watu wanaojifanya hawana shida yoyote, na hiyo ndiyo iliyokuwa ikibaki tupu kila mwisho wa wiki. Majalada yalikuwa yamepigwa na jua la dirishani mpaka nyuso zote zimekuwa za samawati, Mhindi na Mfaransa hujui yupi ni yupi. Yeye aliwajua, hata kwa kupapasa.

Na televisheni yake, jamani! Ilikaa chumba cha nyuma, na chini ya kioo chake alikuwa amebandika utepe mweusi wa mafundi umeme, kutoka pembe hadi pembe, kufunika yale maandishi ya tafsiri yanayopita huko chini.

"Maandishi yanaiba macho," alisema. "Mtu analia huko Irani, machozi yanatoka juu. Wewe umekodoa macho chini. Utayaona saa ngapi?"

Muuguzi wa zahanati, mteja wake wa siku nyingi, aliwahi kurudisha sinema moja ya Kipolandi huku amevimba kwa hasira. Ilikuwa yote theluji, na ng'ombe mweupe ndani ya theluji, huoni kitu ila pua.

"Mzee Kanda, uliniambia yule bwana anamwomba mkewe msamaha."

"Anamwomba. Hukumwona anavyopapasa?"

"Anampapasa ng'ombe! Anamuuza ng'ombe, mzee! Mwanzo mpaka mwisho wanapatana bei!"

"Ulisoma maandishi?"

"Nilisoma."

"Ndiyo maana hukuelewa," akasema Mzee Kanda, akairudisha rafu ya kati.

Basi mtu kama huyo angekaa na mke gani? Alikaa na Fundi. Fundi alikuwa fundi cherehani kweli, wa kushona gauni la bibi harusi kwa kukuangalia unavyopita njiani tu, na likakukaa. Cherehani yake ilitazama dirisha, kwa sababu ya mwanga, na televisheni ilikuwa nyuma yake. Kwa hiyo katika ndoa yao yote, yule mama hakutazama sinema hata moja. Alizisikia. Cherehani ikinguruma, watu wakipiga kelele zao za Kikorea kule nyuma, yeye bila kugeuka angeuliza, "Sasa anasema nini?"

Naye Mzee Kanda angemwambia.

Angemwambia, "Anasema harusi ivunjwe, maana lifti ilikwama na bwana harusi ameshuka na bibi harusi wa ghorofa ya juu."

"Na yeye bibi harusi anasema nini?"

"Anasema huyu huyu anafaa, ana meno mazuri."

"Mwongo wewe," Fundi angesema, na mabega yake yangetikisika. "Endelea."

Mzee akichoka, akinyamaza kidogo ili anywe maji, Fundi aligonga meza ya cherehani kwa mpini wa mkasi, ko-ko, na mzee angeweka kikombe chini aendelee. Alimzungusha dunia nzima namna hiyo, mama wa watu ameketi palepale na pini mdomoni. Mwenyewe hakuwa akijua sinema imependeza kwa kutazama kioo. Alitazama mgongo wa mkewe. Mabega yakitikisika, hiyo atampendekezea mteja kesho. Yakitulia tuli, hiyo ni ya waliofiwa.

Asubuhi moja mguu wa Fundi ukaacha kukanyaga. Gauni la mtu liko chini ya sindano, mkono mmoja umelishika, wa pili umeanguka pajani kama si wake. Kiharusi. Upande wa kulia wote ukalala, uso ukalegea nusu, na maneno yakatoka yote, hata lile la kuombea maji halikubaki.

Hospitali ilimweka, ikampima, ikamrudisha nyumbani. Muuguzi wa zahanati akawa anapita kumtazama. Siku moja akamvuta Mzee Kanda mlangoni.

"Mwili unaweza kurudi kidogo kidogo," alimwambia. "Lakini hataki kula, mzee wangu. Kila kijiko anakifungia mdomo. Asipokula, sisi hatuna dawa. Mtafutieni kitu anachokipenda, kimshike. Akishikwa na kitu atakula."

Muuguzi alisema kwa huzuni, lakini Mzee Kanda alirudi ndani karibu anaruka. Kitu anachokipenda! Si ndiyo kazi yake hiyo? Amewapendekezea wajane wakaolewa, amewapendekezea wagomvi wakarudiana, sasa atashindwa na mke wake mwenyewe?

Akaisukuma cherehani pembeni. Akakivuta kitanda mpaka katikati ya chumba, kikaangaliana na televisheni uso kwa uso. Akabandua ule utepe mweusi, kwa kucha, kipande kwa kipande, kwa kuwa Fundi alikwenda shule na kusoma anajua. Asiyeweza kusema, basi asome. Na la mwisho, akajifunga mdomo. Aliona si adabu kumpigia mgonjwa porojo. Mgonjwa apewe sinema yenyewe, safi, na utulivu.

Binti yao, aliyekuwa akiuza vifungo na nyuzi sokoni, alifunga meza yake akaja kukaa na bakuli la supu. Mzee akaweka ile ya miavuli. Fundi alitazama kidogo. Kisha kwa mkono wake mzima akashika ubao wa kitanda, akajivuta, akajivuta tena huku anahema, mpaka akageukia ukutani.

"Mama kakataa," binti akasema.

"Kakataa miavuli," akasema mzee. "Ngoja."

Akaweka ile ya lifti. Fundi alikuwa amegeuzwa na kuegemezwa mito. Akajivuta, akageukia ukutani. Akaweka ya Kifaransa, ile watu wanakula kimya mpaka mmoja anaangusha kijiko. Ukutani. Ya Kimeksiko, ya kipofu anayeuza vioo. Ukutani. Rafu ya juu ikaisha, akaingia ya kati. Kila mara mzee alimshika mabega polepole, "Fundi, geuka kidogo, mama, hapa ndipo penye raha," na Fundi alitoa mguno mzito kama wa mtu anayenyang'anywa kitu, akageuka alikotoka. Supu ikawa inapashwa moto, inapoa, inapashwa, mpaka ikawa nyeusi.

Dada yake Fundi akaja na mkoba wake, akakaa juu ya kiti cha cherehani bila kukaribishwa.

"Mtu akiipa dunia mgongo, shemeji, anaaga," akasema. "Mwache aage salama. Ulimsumbua kwa uongo alipokuwa mzima, sasa unamsumbua kwa Wajapani."

"Wajapani walishapita, shemeji. Hawa ni Wahindi."

"Wote wanapiga kelele zilezile."

Mzee Kanda alikwenda dukani, akasimama mbele ya rafu zake. Nyuso za samawati zilimtazama na hakuna iliyomwambia kitu. Aligusa hii, akaiacha. Akagusa ile. Mikono ilikuwa kama imewekwa ganzi.

Ndipo akafanya jambo ambalo mtaa mzima ulilizungumza. Alitoka nje akaanza kuomba apendekezewe yeye. Kinyozi alikuwa katikati ya kumnyoa mtu. Aliposikia, alimwacha mteja wake na kichwa nusu, akakimbia nyumbani kuchukua ya Kichina, ya ngumi, aliyokuwa akiificha kwa aibu. Mwoka mikate akaleta ya Kiitaliano.

"Hii mke wangu aliitazama akasahau kunigombeza jioni nzima," akasema mwoka mikate.

"Ya kwako watu wanaongea tu," kinyozi akasema. "Mgonjwa anahitaji damu ichemke."

"Ichemke iende wapi? Ana kiharusi, wewe!"

Walibishana mbele ya kitanda kana kwamba aliyelala ni meza. Zikawekwa zote. Fundi aliwapa mgongo wote pamoja, Wachina na Waitaliano na kinyozi mwenyewe. Wakaondoka kwa kunyata, na mwoka mikate alisahau kofia.

Siku hiyo mbavu za Fundi zilikuwa zinahesabika juu ya shuka. Muuguzi alipokuja, alimpima. Alikuta Mzee Kanda amekaa sakafuni, sinema zimemzunguka kama sahani za karamu iliyoharibika.

"Sina tena," mzee akamwambia. "Zote amezikataa. Nipendekezee wewe, mwanangu. Wewe umesoma."

Muuguzi alitazama pale chini. Akainama, akaokota ile ya ng'ombe. Labda kwa huruma, labda ndiyo iliyokuwa karibu. Akaiweka mwenyewe. Theluji ikajaa kioo.

Fundi akajivuta ukutani. Safari hii hakuna aliyemgeuza. Muuguzi, kwa kuwa mgonjwa hawezi kusoma akiwa amegeuka, akaamua kumsomea kwa sauti yale maandishi.

"Anasema, 'Ng'ombe huyu ana umri gani?'" akasoma. "Mwenziwe anasema, 'Ameshazaa mara mbili.' Anasema, 'Naona kwato za nyuma hazifai.'"

Mzee Kanda alivumilia mpaka kwenye kwato.

"Hasemi hivyo!"

"Imeandikwa, mzee."

"Nani kaandika? Alikuwepo? Mtazame mtu anavyomeza mate! Huyo anaulizia kwato? Anasema, mke wangu, nyumba imekuwa kubwa. Anasema, tangu uliponyamaza mimi napotea kati ya kitanda na mlango, juzi nimepigiwa kelele na majirani kumbe niko kwao..."

Ko-ko.

Binti akageuka kutazama dirishani, akidhani mtu kabisha hodi. Muuguzi akatazama mlango. Mzee Kanda peke yake ndiye aliyetazama kitandani. Ngumi ya mkono mzima, ule wa kushoto, ilikuwa juu ya ubao wa kitanda. Fundi alikuwa ameutazama ukuta kama alivyokuwa akilitazama dirisha, na mgongo wake ulikuwa palepale ulipokaa siku zote.

Siku zote hizo mzee alikuwa akimgeuza. Siku zote hizo yule mama alikuwa akijivuta kwa mkono mmoja kwenda mahali pake pa kusikiliza, akifika anakuta kimya.

"Endelea," muuguzi akamnong'oneza.

Mzee akafungua mdomo. Hakikutoka kitu. Alikuwa anajua kusema uongo akiulizwa. Hakuwahi kuanza mwenyewe. Alisubiri lile swali, kwa mazoea ya ujinga tu, hali anajua aliyekuwa akiliuliza hana tena neno la kuulizia. Kwenye kioo yule Mpolandi alimpapasa ng'ombe.

"Sasa anasema nini?" mzee akajiuliza kwa sauti, na sauti ikamtisha. Akajijibu. "Anasema... anasema huyu ng'ombe asiyasikilize haya, hayamhusu, yeye ang'ate majani yake. Haya ni ya mke wangu. Anasema mke wangu anielekeze tu chumvi aliiweka wapi, nimetia sukari kwenye mayai, nimekula, nimemaliza, sikumwambia mtu..."

Mgongo ukatikisika. Yaani bega moja. Lile la pili lilikuwa limelala, halitaki habari za ng'ombe wala za chumvi.

"Baba," binti akasema, kijiko mkononi. "Anacheka au analia?"

Mzee Kanda alitazama. Mgongo huo alikuwa anaujua kuliko kiganja chake, aliusoma kila siku ya Mungu. Lakini alizoea kuusoma mzima. Nusu yake ilikuwa lugha nyingine, na utepe wa kufunika hakuna, na maandishi ya chini hakuna.

"Sijui," akasema.

Binti akazunguka upande wa ukutani, akajibana pale kati, akapeleka kijiko. Supu nyingine ilirudi ikashuka shavuni. Nyingine labda ilipita. Koo lilicheza, au binti aliona hivyo kwa kutaka. Muuguzi hakumhakikishia kitu.

Ng'ombe akauzwa, au akasamehewa. Sinema ikaisha, majina ya watu yakaanza kupanda juu ya theluji, na Mzee Kanda akaogopa kunyamaza. Akayatafsiri na majina. Huyu wa juu anasema amechoka kwa baridi anataka kurudi kwao, huyu chini yake anamwambia ngoja kwanza, mwenzetu bado hajala. Majina yakaisha. Kioo kikawa cha samawati kitupu, na yeye bado anaongea, koo limekauka, kikombe cha maji kiko karibu na hathubutu kukishika. Kila alipovuta pumzi alitega sikio kwenye ule ubao. Mara nyingine uligongwa. Mara nyingine haukugongwa, na hapo aliongeza sauti.