Pikipiki Inayosimama Yenyewe

Aibu hii nilitaka ifie hukohuko mtaani Majengo, lakini kwa kuwa nusu ya Sumbawanga iliiona, bora niisimulie mwenyewe kabla hamjasimuliwa ikiwa imetiwa chumvi.

Miaka ile biashara zimeanza kufunguliwa na kila kijana anataka mradi wake, mimi nilitaka kamera (picha nilikuwa nimepiga moja tu maishani, tena kwa kamera ya kuazima), ikabidi niuze kipikipiki changu kisicho na klachi, ambacho hata aliyeishia kwenye baiskeli anakiweza. Akaja mzee mmoja wa Kisukuma, mfugaji wa njia ya Matai, akakizunguka akikipapasa kama ng'ombe wa kulimia.

"Shikamoo mzee. Hiki hakina ugumu. Unawasha, unavuta mkono huu wa usukani kuja kwako, unakwenda."

"Marahaba. Na kusimama?"

Hapo ndipo nilipoharibu, maana nikianza somo la breki, mara ya mguu, mara ya mkono, ataona kigumu na kamera yangu imekwenda. Nikamwambia, "Kinasimama chenyewe, mzee."

Akapanda, mimi nyuma yake, tukaondoka vizuri kabisa, watu wanatupungia, mimi tayari naiona studio yangu, mara mbele mitumba imemwagwa chini, na mzee, ambaye maisha yake yote mnyama akimzidi anavuta kamba kuja kwake, akavuta mkono kuja kwake na kukiambia kwa upole, "Hoo, hoo," kikaongeza mbio, naye akazidi kuvuta.

"Breki, mzee, breki."

"Ipi? Si ulisema kinasimama chenyewe?"

Tukazama kwenye rundo (nashukuru halikuwa la masufuria), nikaibuka na gauni la harusi shingoni. Mama mwenye mitumba akaniangalia, akasema, "Limekukaa, kaka. Nikufungie?" Watu wakacheka mpaka wengine wakakaa chini.

Mzee akajikung'uta. "Kwetu anayeuza ng'ombe anataja na kilema chake. Haya, taja."

Nikataja mbele ya wote: taa haiwaki, asubuhi ya baridi kinagoma mpaka ukisukume, kiti kina kiraka, na mwenye nacho ni mwongo. Akacheka, akalipa, kisha akanishikilia mchana kutwa nimfundishe breki.

Kamera nilinunua. Ila siku hizi kila anayekuja kupiga picha namwambia mapema kwamba pua itatoka kama ilivyo. Wateja watatu wameshaninunia, lakini siongopi tena.