Pijo ya Samawati Yenye Mlango wa Pati

Shida ilinianza mwaka wa 1974, nikiwa na miaka kumi na saba. Ng'ombe wa baba waliisha kwa ukame, wote, hadi yule wa maziwa ya chai. Shule nilikaa miaka miwili tu, na kazi niliyoijua ilikuwa kuchunga. Nikashuka mtoni, chini ya Garsen, njia ya kwenda Golbanti, kwa mzee mmoja mwenye kivuko chake mwenyewe: mapipa, mbao juu yake, na waya tuliouvuta kwa mikono. Gari moja kwa safari moja. Mimi nilikuwa wa kabari, vile vipande vya mbao vya kuzuia magurudumu. Zilikuwa nne, mbili za mbele, mbili za nyuma.

Sasa niseme lile nililolificha miaka hamsini. Mvua zilipokuja zilikuja kwa fujo, kuni zote zikalowa. Mzee akataka chai. Kabari zilikuwa kavu kwa sababu tulizifunika turubai. Nikachoma mbili. Siku hiyohiyo ikaja Pijo 404 ya samawati, dereva peke yake, vioo amefunga kwa ajili ya mbu. Nikaweka kabari za mbele. Nyuma sikuweka kitu. Katikati ya mto waya ulishtuka, na gari likarudi nyuma polepole, kama mtu anayeondoka bila kuaga, likaingia majini. Yeye wala gari hawakuonekana tena. Mzee akawaambia watu breki zilikuwa mbovu. Nikanyamaza. Mwezi haukuisha nikawa Mombasa, najifunza kunyoosha bodi na kupuliza rangi.

Kazi hiyo ndiyo iliyonitoa, na hakuna mtu aliyenishika mkono. Nilirudi Garsen na mashine yangu. Mto nao ulikuwa umehama, kama unavyohama, na pale kwenye kivuko pakawa udongo mkavu. Nikapanunua, ekari tatu. Watu walidhani nafuata rutuba. Lakini kuna mahali, chini ya mkuyu ulioota pale palipokuwa katikati ya mto, sikupitisha jembe hata siku moja.

Mwaka jana, Januari, akaja mama mmoja kutoka Kipini, mdogo wangu kwa miaka kama kumi. Kwenye mfuko alikuwa na gari dogo la chuma, shibiri moja kwa urefu, alilolipata kwenye mitumba Malindi. Pijo ileile, 404. Mtoto wa watu alikuwa amelipaka rangi ya kucha, gurudumu moja halipo, vioo vimefifia.

"Nimeambiwa wewe ndiwe fundi wa rangi."

"Wa magari, mama. Haya ya kuchezea wapelekee watoto."

"Basi na mimi ni mtoto, nipakie samawati. Babangu alikuwa na gari kama hili, likazama naye kivukoni huku kwenu. Wewe mzee ni mtu wa hapa. Hukuliona? Kila ninayemuuliza hanambii ni wapi, mto umehama. Miaka hamsini namsomea Yasini mto mzima! Nataka mahali pamoja, nimsomee palepale alipo, kabla na mimi sijaenda."

"Sikuliona," nikasema. "Wakati huo nilikuwa Mombasa."

Akaniangalia kidogo, akaliacha mezani.

Nikafungua skrubu za chini kutenganisha bodi na kitako. Tope likamwagika, kama kijiko kimoja. Nikaosha kwa petroli, nikaanika. Kesho yake nikaligeuza, tope tena, bichi, lina harufu ya mto ukijaa. Ilikuwa kiangazi, na mto ulikuwa mwendo wa saa nzima kutoka karakana yangu.

Mke wangu akapita, akaanza kunicheka. "Umezeeka mpaka unachezea vigari?"

"Nusa hapa."

Akanusa. Kicheko kikakatika. "Hili si tope la juu," akasema. "Hili limetoka chini." Wiki ile hakukanyaga karakana tena.

Niliendelea, maana kazi niliyoipokea siiachi. Rangi ya kucha niliitoa kwa tina ya kuyeyushia rangi na msasa laini. Gurudumu nililichonga kutoka soli ya kandambili. Vioo nilivisugua kwa dawa ya meno vikang'aa, nikavijaribu mahali pake saa sita mchana, jua linachoma bati mpaka bati linalia. Vikatoka jasho. Nikafuta kwa kitambaa, halikufutika. Jasho lilikuwa kwa ndani. Mbuzi wangu, ambao kila mchana hugombania kivuli cha karakana, walikuwa wamesimama juani, wote wanatazama meza.

Siku ya pili nikapuliza samawati, mara mbili, milango yote minne. Nasema minne, niliihesabu. Nikaenda kuswali adhuhuri. Niliporudi, mlango wa nyuma wa kulia ulikuwa wa kijivu. Pati, ile lipu ya kuzibia mabonde ya bodi kabla ya rangi, imepigwa msasa vizuri, na ukingoni kuna alama ya kidole gumba. Nikaweka gumba langu. Likaenea sawasawa. Nikatazama kucha zangu, zimejaa pati. Sikumbuki kuishika, mpaka leo sikumbuki.

Ningeweza kuupaka tena. Rangi ilikuwepo. Nilikaa nayo mkononi mpaka ikakauka koponi.

Ijumaa mama akaja. Akaligeuza gari mara moja, macho yakasimama kwenye mlango ule wa kijivu.

"Huu nani kakwambia?"

"Rangi iliniishia."

"Usinifanye mjinga, mzee. Siku ile nilikuwa na miaka minane. Asubuhi baba alisimama Garsen, fundi akampigia pati mlango huuhuu, naye hakungoja rangi. Mimi akaniacha kwa shangazi, akaenda mtoni. Mamangu mwenyewe hakuuona. Tuliouona ni mimi, na fundi, na fundi kafa. Mwingine ni aliyekuwa kivukoni."

"Nilikuwa kivukoni," nikasema. "Mimi ndiye wa kabari."

Nikamwambia yote, na kuni zilizolowa, na chai.

Hakupiga kelele. "Uliinywa?" akauliza.

"Nini, mama?"

"Hiyo chai."

"Niliinywa."

"Ilikuwa tamu?"

"Ilikuwa tamu."

Nikampeleka shambani. Alivua viatu, akaketi chini ya mkuyu, gari limekaa mapajani, akasoma Yasini yote bila kuharakisha hata aya moja. Mimi nilisimama mbali. Alipoinuka, gauni lake lilikuwa limelowa alipokalia, na udongo ule ulikuwa haujaona mvua tangu Novemba. Akaukung'uta bila kuutazama.

"Sijakusamehe."

"Sikuomba, mama. Nilijua huwezi."

"Lakini hapa huuzi wala hulimi."

"Hapa si pangu tena. Nitakuandikia."

Nikamwandikia, mbele ya mashahidi wawili. Majirani wanasema pachimbwe. Amekataa. Huja na wanawe, wamepazungushia miti, wanasoma, wanaondoka. Salamu yangu anaijibu, lakini chai yangu hanywi. Gari dogo analo yeye Kipini.

Mimi leo nina nyumba ya mawe ya vyumba vinne, Garsen. Karakana ya bati. Mashine mbili za kupulizia rangi, moja mbovu. Shamba ekari mbili na robo tatu. Pikipiki moja. Mbuzi kumi na mmoja.