Jina Ambalo Malineo Hakulitamka

Malineo aliuza maandazi kwenye lango la sekondari, na kila asubuhi alikaa akiipa shule mgongo. Ilijengwa kwenye shamba la baba mkwe wake. Mzee alikata nusu akawapa watoto wa watu, nusu akamwachia mumewe Malineo. Mume alipofariki, shemeji yake Motlatsi akaichukua nusu ile, kisha akatembea kijijini kifua mbele akisema hata ya shule aliitoa yeye. Sasa shule ilitaka kuchonga jina la mtoaji kwenye jiwe la ukutani, na wanafunzi walitumwa kuulizia.

Refiloe, msichana aliyehamia kutoka Maseru, alikuja na kalamu yake.

"Mama, shamba hili alilitoa nani?"

Malineo aliinama, akageuza maandazi kwenye mafuta. Mke wa mtu hatamki jina la baba mkwe wake, awe hai, awe kaburini. Alimkazia macho binti, akingoja aelewe. Binti aliandika kitu, akashukuru, akaenda zake.

"Hawa wa mjini," Malineo alisema, akasonya.

Mchana alikuja Mamosa, mkutubi wa shule, amejitanda blanketi lake la kahawia. Kila siku alinunua maandazi mawili, akala moja. La pili lilikuwa la mtoto yeyote aliyeingia maktaba bila kula. Leo Refiloe alimfuata nyuma, kichwa chini.

"Mwambie ulichoandika."

"Niliandika hajui."

"Sijui!" Malineo alicheka kicheko kichungu. "Nimelima pale mpaka kucha zikaisha, leo sijui!"

"Ndiyo maana nimemrudisha," alisema Mamosa. "Nilimwuliza, huyo mama alinyamaza vipi? Akasema, aliniangalia sana. Nikamwambia, basi jibu lilikuwepo, umelipita tu. Halafu ananiletea kipeperushi kinachosema ni Motlatsi. Haya Refiloe, kiliandikwa na nani?"

"Na mtoto wa Motlatsi."

"Alijuaje?"

"Aliambiwa na baba yake."

"Na wewe ukamwendea nani tena?"

"Motlatsi mwenyewe."

"Kwa hiyo una shahidi mmoja, umemhesabu mara mbili." Alimshika binti bega, bila ukali. Kisha akachuchumaa karibu na jiko. "Mama Malineo, jina sikuulizi, na mimi nimeolewa. Niambie tu, nani ana ruhusa ya kulitamka?"

Malineo alimjua, na kumjua kulimchoma. Ni wifi yake Puseletso, binti wa nyumba ile. Hawakuwa wamesemezana tangu siku Motlatsi alipong'oa mawe ya mpaka, na Puseletso akasimama mlangoni akitazama, mdomo umefungwa.

"Atamlinda kaka yake."

"Huenda. Kwa hiyo tutamwuliza na mwingine asiyekula nao chungu kimoja. Lakini tusipouliza, Ijumaa fundi anachonga la Motlatsi."

Mafuta yalianza kutoa moshi. Malineo alilisogeza karai pembeni.

"Nendeni kwa Puseletso. Mwambieni nimewatuma mimi."

Alhamisi Refiloe alirudi mbio, ameshika karatasi atakayopewa fundi.

"Wifi yako alilia kwanza, mama, ndipo akasema. Na mzee aliyejenga darasa la kwanza, kule ng'ambo ya mto, alilitaja jina hilohilo kabla sijamwambia lolote."

Nusu ya shamba haikurudi. Motlatsi angeilima mwaka huu kama mwaka jana, na Malineo alilijua hilo. Hata hivyo alifuta unga mikononi, akasogea.

Binti alisoma kwa sauti: shamba hili lilitolewa na. Hapo akanyamaza, akaweka kidole kwenye karatasi.

"Hapa silisomi mbele yako. Bibi wa maktaba amesema nikuonyeshe tu."

Malineo hakuwahi kukaa darasani. Aliyatazama yale maandishi kwa muda mrefu. Jina ambalo ulimi wake ulilikwepa tangu alipoolewa lilikuwa limelala pale, dogo kuliko alivyodhani, na macho yake hayakukatazwa.

"Ndilo hili?"

"Ndilo, mama."

"Na hili la chini yake?"

"Ni lako. Wifi yako alisema lisipoandikwa, na lile lingine lifutwe. Imeandikwa: likilimwa na Malineo."

Malineo alivuta ncha ya blanketi, akapangusa macho.

"Hilo lisome," alisema. "Lisome kwa nguvu, wasikie mpaka kule kwa Motlatsi."