Kunde ya Ng'ombe Hukatwa na Maua Yake

Nakumbuka siku niliyosimama na panga mbele ya maua ya kunde, nikashindwa kukata. Cheka tu, mjukuu wangu. Wewe nawe juzi nilikuona ukizunguka shamba lako la kunde kama kuku anayetafuta pa kutagia.

Ilikuwa miaka ya sabini, hapa hapa Mraru. Mamako Wakesho alikuwa mchanga, na homa ilikuwa imenikausha maziwa. Mtoto aliishi kwa maziwa ya Kengele, ng'ombe wetu mmoja. Mama mkwe akapanda kunde vipande viwili: cha juu cha sufuria, cha chini cha Kengele, tukikaushe kiwe chakula chake cha kiangazi. Halafu akaitwa Wundanyi kumuuguza dadake. Akaniachia maneno na ile sauti yake ya puani, polepole, utafikiri anayapima na kijiko: "Mke wa mwanangu, ukiona maua yamefunguka na maganda ya kwanza ni membamba kama sindano, kata. Usiningoje."

Maua yakafunguka, ya zambarau, nyuki tele. Asubuhi nikaenda na panga, nikarudi. Mchana nikaenda, nikarudi. Jioni tena! Kukata mmea wenye maua niliona ni kama kuchinja mbuzi mwenye mimba. Na tamaa nayo ikaninong'oneza: "Wacha zinenepe, upate majani mengi, na kunde za kula juu yake." Nikajifariji, haraka haraka haina baraka.

Nilikuja kukata maganda yakilia chaka-chaka, tena jua la utosi. Nikapura, nikapata debe la kunde. Majani? Yalipukutika kama unga, yakabaki shambani. Lakini rundo la mabua lilinipita urefu, nami nikasimama kando yake najishaua.

Mama mkwe akarudi. Akavuta bua moja, akalivunja. Tak!

"Mama, si ni mengi?"

"Ni mengi kweli. Umemwekea ng'ombe kuni. Sasa unataka akupikie?"

Kiangazi kikaingia. Kengele akatafuna, akatafuna, akaniangalia vile mwalimu anaangalia mtoto mzito. Kibuyu cha maziwa kikawa kikombe, kikombe kikawa nusu. Wakesho alilia mpaka sauti ikawa ya paka. Mimi natoka, naingia, natoka.

"Kaa chini!" mama mkwe akasema. "Ngoja ngoja huumiza matumbo, na tumbo hili si lako. Leta hilo debe."

Zile kunde nilizozingojea, akazichemsha, akamlisha Kengele kidogo kidogo kila asubuhi. Sisi tukala ugali na chumvi. Maziwa yakarudi, si mengi, lakini mtoto akanyamaza kwa shibe. Angenyamaza vingine, wewe leo ungekuwa wapi wa kunicheka?

Basi sikia. Nguvu ya kunde ya mifugo iko kwenye jani. Ganda likijaa, nguvu imehamia kwenye mbegu, na bua limekuwa mti. Kata na maua, asubuhi umande ukikauka, uanike kivulini, ugeuze taratibu jani lisidondoke. Na usitake mbegu na majani kwa shina moja. Mtaka yote hukosa yote. Ya sufuria ina kipande chake.

Inuka sasa, chukua panga. Mungu akuzuilie mvua mpaka zikauke, viwele vijae, na panga lako lisirudi bure kama langu.