Namba Iliyokaa Vidoleni

Jumanne, tarehe 14 Mei. Manyunyu tangu alfajiri, si mvua ya kufungulia mwavuli wala ya kuuacha nyumbani. Walioingia ofisini walijikung'uta mabega mbele ya meza yangu ya mapokezi, na kitabu cha mahudhurio kikapata matone matatu ukurasani.

Wa kwanza kusaini alikuwa Mshenga, saa moja na dakika arobaini, kama kila siku. Jina hilo alipewa na vijana wa ghorofa ya pili, naye akalikubali kwa kutolikataa. Kazi yake ni kuunganisha mifumo. Duka la kwenye simu lina mfumo wake, benki ina wake, wasafirishaji wa mizigo wana wao, na hakuna anayeelewa lugha ya mwenzake. Duka huandika tarehe kwa kuanzia siku, benki kwa kuanzia mwaka. Duka husema "mteja", benki husema "mlipaji", wa mizigo husema "mpokeaji", na huenda wote wanamsema mama mmoja aliyeagiza sufuria. Mshenga hukaa katikati, akasikiliza huku, akapeleka kule, mpaka pande zote zikubaliane.

"Anaozesha mifumo ya watu," walimtania, "mwenyewe kapera."

"Mifumo haidai mahari," aliwajibu siku moja. Katika miaka sita huo ndio utani wake pekee nilioweza kuuandika.

Kabla ya kugusa kompyuta huchora kwanza kwenye karatasi pana, kwa penseli na rula. Hupiga safu nne: huku kinaitwaje, kule kinaitwaje, mwenye nacho nani, na ya mwisho ina neno moja lenye alama ya kuuliza: Kikikosekana? Wenzake huiacha safu hiyo wazi mpaka mambo yaharibike. Yeye huanza kwa kuijaza hiyo. Niliwahi kumuuliza kwa nini.

"Duka likiuliza benki, 'Huyu kalipa?' na benki ikanyamaza, Mama Kitabu, wewe utasemaje?" Mama Kitabu ni mimi, kwa ajili ya kitabu cha mahudhurio.

"Nitasema hajalipa."

"Umekosea. Labda kalipa, jibu limepotea njiani."

"Basi kalipa."

"Umekosea tena." Alikuwa karibu kutabasamu. "Kimya si ndiyo, na kimya si hapana. Unauliza tena, swali lilelile, kwa namba ileile ya oda, wasije wakamtoza mara mbili. Unauliza mara tatu. Ya tatu ikipita bila jibu, huulizi tena kwa mashine. Unatuma mtu."

Alinieleza hayo akiwa amesimama, simu yake imelala kifudifudi juu ya karatasi. Sijawahi kuiona imelala chali mezani kwake. Haikuwa ikiita pia.

Nyumbani kwake nimefika mara moja tu, mwezi wa pili mwaka huu. Alikosekana ofisini, na kwa siku tatu hakuna aliyeshangaa, kila mtu akidhani anafanyia kazi nyumbani. Siku ya nne nilipanda ngazi hadi chumba chake nikiwa na barua za kusaini. Alifungua mlango amejifunika shuka, homa inamchemsha. Chumba kilikuwa safi kama daftari jipya. Kitanda, meza, kikombe kimoja, viti viwili, na cha pili kilikuwa na mashati yaliyokunjwa vizuri. Kilionekana hakijakaliwa siku nyingi. Nilimchemshia maji, nikaenda kumnunulia dawa na mkate. Homa hulegeza ulimi, basi siku hiyo alizungumza.

Alilelewa na dada yake, fundi cherehani, aliyemzidi miaka kumi na miwili. Mama yao alikuwa muuza sokoni, wa kutoka kabla ya jua na kurudi baada yake. Aliyemfunga vifungo vya shule alikuwa dada. Mama alipofariki, dada alimpigia simu mara kumi na moja. Ilikuwa wikiendi ya kuhamisha mfumo wa benki kutoka wa zamani kwenda mpya, na simu ililala kifudifudi kwa saa ishirini. Alifika nyumbani siku ya tatu baada ya maziko. Dada hakulia mbele yake wala hakumgombeza. Alimwonyesha safu ya viti vya plastiki nje.

"Umekuja kama mgeni," alimwambia, "kaa na wageni."

Akakaa. Jioni akaondoka. Tangu hapo hakuna aliyempigia mwenzake, miaka miwili na ushee.

"Amenichoka," alisema kwenye mto. "Angekuwa ananitaka angepiga."

Nilitaka kumjibu, nikaona si mahali pangu. Nilisuuza kikombe, nikaenda zangu. Alikaa ndani siku tisa.

Sasa Jumanne hii. Saa tatu alikuja mkaguzi kutoka benki, mwanamke mwembamba mwenye mkoba wa karatasi uliofungwa kwa kamba. Mradi wa duka na benki ulikuwa ufunguliwe kwa umma Alhamisi, na bila saini yake haufunguliwi. Mimi niliitwa chumba cha mikutano niandike muhtasari, kwa kuwa mwandiko wangu husomeka. Tulikuwa wanne: mkaguzi, meneja, Mshenga na mimi.

Mkaguzi alisogeza karatasi moja mezani.

"Kila siku ya kazi, saa mbili kasoro robo asubuhi, mfumo wenu wa majaribio umetuma ujumbe kwa namba hii ya simu. Ujumbe mia tano sitini na tatu. Sheria inakataza kumtumia mtu halisi kwenye majaribio. Hii namba ni ya nani?"

Mshenga aliitazama karatasi muda mrefu kuliko namba inavyohitaji.

"Mimi ndiye niliyeiweka," alisema.

"Sijauliza nani kaiweka. Ni ya nani?"

"Ya dada yangu."

Ikajulikana hivi. Kila asubuhi, kabla ya kazi nyingine yoyote, Mshenga hufanya jaribio la kwanza: mteja wa kubuni anaagiza kitu kimoja, benki inakubali, mteja anapewa taarifa. Fomu ya majaribio hukataa namba ya uongo. Inataka tarakimu kamili za mtandao uliopo. Siku ya kwanza ya mradi aliandika namba ambayo vidole vinaijua bila kuuliza kichwa, na hakuibadilisha tena. Hakuona hatari. Kwenye mchoro wake, njia ya kutokea ujumbe imezibwa kwa mistari miwili ya penseli: ujumbe wa majaribio ulipaswa kuishia kwenye kisanduku humuhumu ofisini. Lakini waliosimika mfumo waliifungua njia hiyo kwa jaribio lao wenyewe, wakasahau kuifunga. Taa ya kijani kwenye kompyuta huwaka vilevile, ujumbe uishie kisandukuni au utoke nje.

"Ulijua zinatoka?" aliuliza mkaguzi.

"Sikujua." Akairudisha karatasi kwa mkaguzi. "Sikuangalia."

Meneja, aliyekuwa akibofya kalamu, aliacha kubofya. Mshenga ni mtu wa kuangalia hata kama mlango aliofunga umefungwa.

Mkaguzi alieleza utaratibu. Mwenye namba apigiwe sasa hivi, kwa simu ya ofisi, kwa sauti ya wazi, mbele ya mashahidi. Aombwe radhi, aulizwe kama ana malalamiko. Akiwa nayo, ufunguzi unasimama, na aliyeweka namba anaondolewa kwenye mradi. Mshenga aliitikia kwa kichwa. Nilikuwa ubavuni pake na sikudhani anaufikiria mradi. Aliandikiwa maneno ya kusoma. Akabonyeza namba bila kuiangalia.

Iliita mara nne. Nyuma ya sauti iliyopokea cherehani ilikuwa bado inakimbia.

"Haloo. Nani mwenzangu?"

Mshenga akaanza kusoma. "Habari za asubuhi. Tunakupigia kutoka ofisi inayoshughulikia mifumo ya..."

Cherehani ikasimama.

"...mifumo ya biashara mtandaoni. Kumbukumbu zetu zinaonyesha kwamba namba yako..."

"Endelea," ilisema ile sauti. "Ndugu mteja anakusikiliza."

Alisoma mpaka mwisho, mistari tisa, pamoja na tarehe ya waraka.

"Umemaliza?"

"Nimemaliza, dada."

"Na mimi nina swali. Mwezi wa pili zilikaa siku tisa haziji. Ulikuwa unaumwa?"

Hakuna aliyeandika chochote, hata mimi.

"Homa," alisema Mshenga.

"Nilijua. Siku ya pili tu nilijua. Nikamwambia mteja wangu hapa, huyu mtu anaumwa, na yuko peke yake."

"Zilikuwa zinafika zote?"

"Kila asubuhi. 'Ndugu mteja, oda yako namba moja imepokelewa.' Wiki ya kwanza nikadhani ni matapeli. Halafu nikakumbuka jina la duka. Uliniambia mwenyewe, kabla ya mama, kwamba mtakuja kuliunganisha na benki. Nikasema, haya, amefika kazini. Nawasha pasi."

"Kwa nini hukupiga, dada?"

"Wewe hukupiga kwa nini?"

Mkaguzi alikohoa kidogo, kwa adabu.

"Nani huyo anakohoa?"

"Mkaguzi, dada. Tuko wanne hapa."

"Wanne. Unanipigia mbele ya baraza."

"Shikamoo, mama," alisema mkaguzi.

"Marahaba, mwanangu."

"Mama, natakiwa nikuulize rasmi. Una malalamiko yoyote juu ya ujumbe huu?"

"Ninayo."

Meneja aliinamisha uso mikononi. Mshenga hakusogea.

"Andika," ilisema sauti, polepole, kama anayetaja vipimo vya mwili. "Oda mia tano na zaidi zimepokelewa, wanasema wao wenyewe. Miaka miwili. Hata kitambaa cha leso sijaletewa."

Mkaguzi alijitahidi asicheke akashindwa, akageuza uso dirishani. Akafuta macho, akauliza tena. "Kuna lingine, mama?"

"Lipo. Lakini hilo si la ofisi yenu."

"Basi kwa ofisi yetu hakuna malalamiko?"

"Hakuna. Andika hakuna."

Niliandika hakuna. Mkaguzi akamweleza kwamba namba yake itaondolewa, na kuanzia kesho hatasumbuliwa tena.

"Lazima iondolewe?"

"Lazima, mama. Ni sheria."

"Haya. Sheria ni msumeno." Tulisikia akivuta kiti, au akikaa. "Mdogo wangu."

"Naam."

"Kuanzia kesho nitajuaje?"

Mshenga alifungua mdomo. Hili nililiona na nimelifikiria tangu jana: mtu aliyeijaza safu ile ya Kikikosekana kwa kila kitu, kwa sufuria, kwa tarehe, kwa namba za oda, hakuwa na cha kuandika hapo. Alishika ukingo wa meza. Sisi watatu tuliangalia mbao za meza.

"Nina mtu mlangoni," alisema dada yake. "Anasubiri sketi." Simu ikakatika.

Mkaguzi alisaini. Meneja alimpigapiga Mshenga begani, akasema tumeponea chupuchupu. Mshenga alikunja ile karatasi ya kusoma mara nne, akaitia mfukoni, akarudi mezani kwake. Mchana hakutoka kwenda kula. Jioni alisaini kutoka saa kumi na moja na nusu, akaniambia "Usiku mwema" bila kuniangalia. Manyunyu yalikuwa bado yanaendelea, na mwavuli aliusahau kwenye kopo la mlangoni.

Asubuhi yake, Jumatano, hapakuwa na manyunyu. Mshenga alisaini saa moja na dakika arobaini. Meza yake ninaiona kupitia kioo. Aliifuta namba, akaweka namba ya simu ya majaribio ambayo mkaguzi aliacha kwenye bahasha, simu ambayo sasa imefungiwa ndani ya droo ya meneja. Saa mbili kasoro robo alifanya jaribio la kwanza. Nilisikia droo ya meneja ikitoa mlio mmoja, meneja mwenyewe akiwa hajafika. Taa ikawaka kijani.

Akaichukua simu yake mwenyewe, akapiga. Aliiweka sikioni mpaka ikakatika. Saa mbili na nusu alipiga tena. Katikati hakufanya kazi. Alinoa penseli iliyokwisha nolewa. Saa tatu kamili alipiga mara ya tatu, amesimama, kwa sauti ya wazi, na mara hii niliweza kuisikia ikiita kwa mbali ndani ya ile simu, hadi mwisho.

Alikunja mchoro wa mradi, akaupeleka kwenye meza ya msaidizi wake, akamwonyesha kwa kidole safu moja baada ya nyingine. Kisha akaja kwangu, akachukua mwavuli wake kwenye kopo, akaomba fomu ya ruhusa.

"Kesho mnafungua," nilimwambia.

"Ndiyo."

"Meneja ataniuliza."

"Mwambie mchoro umekamilika. Hakuna kilichobaki kichwani mwangu peke yangu."

Alijaza fomu kwa zile herufi zake zilizonyooka. Siku za ruhusa: tatu. Mahali: nyumbani. Kwenye nafasi ya sababu kalamu ilisimama, ikateremka, akaandika maneno mawili: Kufuata jibu.

Sikumuuliza kama hayo yanatosha. Nilipiga muhuri. Alisaini kutoka, saa tatu na dakika kumi na mbili, akashuka ngazi akiwa ameishika simu mkononi, kioo kikimtazama.